Samaki wa Amri

Wajukuu zangu, nanyi wanafunzi wa kilimo mlionitembelea wiki jana na madaftari yenu, mliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Mlisema: nchi yenye mito mingi hivi, ukianzia mlimani mpaka Tana, kwa nini samaki wanaouzwa Nkubu wanatoka mbali wakiwa kwenye barafu, na mabwawa ya hapa yamebaki mashimo ya nyasi? Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni. Nikiulizwa kitu mbele ya watu watano, ulimi unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Ndiyo maana niliwapa chai, nikawaonyesha nyavu zangu kuukuu, mkaenda zenu. Sasa nimekaa na kalamu, na kwa kalamu sijawahi kuwa na haya.

Mtaambiwa ni mtaji, ni barabara, ni ofisi kukosa gari. Yote hayo nimeyaona. Lakini nilifanya kazi ya mabwawa miaka thelathini na kitu, Meru na Embu, na iko sababu moja ambayo haimo katika vitabu vyenu. Naijua kwa kuwa nilisaidia kuileta, nikiwa na miaka kumi na saba.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa sekondari. Hali ya Hatari ilikuwa imepamba moto, baba akapelekwa kizuizini, na masomo yakaishia hapo. Mwalimu wangu aliniandikia barua ya kuniombea kazi ya ukarani. Karani wa ofisi akaisoma, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Kijana, unaogopa nyoka?"

Nikasema siogopi.

"Basi utaenda kwa samaki."

Hakuwa anatania. Kwetu Imenti siku hizo samaki hakuliwa. Alikuwa nyoka wa majini, na mtu aliyemla alitazamwa kama mtu aliyekula chura. Nyanya yangu aliposikia kazi niliyopata alinitengea kikombe cha bati, akakitundika nje ya jiko. "Hiyo mikono ikishazoea vitu vyako," aliniambia, "usinishikie kibuyu changu cha uji." Kwa miaka minne, kila nilipokwenda nyumbani, nilikunywa uji wangu nje.

Nilipelekwa kwenye kijiji kipya juu ya Kanyakine, karibu na msitu. Nyinyi mmesoma habari za vijiji vile, lakini niwaambie vilivyokuwa. Watu walitolewa kwenye mashamba yao wakarundikwa mahali pamoja, vibanda kwa mistari, ua kuzunguka, na kati ya kijiji na msitu handaki lenye vijiti vilivyochongwa, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Mahomgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, walikaa kwenye mnara. Saa za kwenda shamba zilipangwa, saa za kuteka maji zilipangwa, na jioni ilikuwa kafyu. Mtu hakufanya jambo kwa kupenda kwake. Ulilofanya kwa amri lilikuwa salama. Ulilofanya kwa hiari yako lilikuwa na maelezo ya kutoa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramadhani, mtu wa Majengo pale Meru mjini. Baba yake alikuja na wapagazi kutoka Tabora, mama yake alikuwa Mmeru aliyesilimu. Ndugu zake wote walikuwa wachinjaji, yeye peke yake akapenda mto. Kiswahili chake kilinyooka hata mimi wa sekondari nikawa naandika maneno yake kwenye daftari langu, lile ambalo nililificha ndani ya godoro la majani. Ninalo mpaka leo. Kurasa nyingi zinaanza na neno "naogopa".

Kosa langu la kwanza lilikuwa la akili nyingi. Tulitumwa Sagana kuchukua vifaranga wa ngege, wale samaki wa bwawani. Tukarudi na madebe sita nyuma ya lori, mzee mbele na dereva, mimi nyuma na madebe. Barabara ya Embu ilikuwa mashimo matupu na maji yakawa yanamwagika. Tulipokaribia Runyenjes nikakata majani ya mgomba, nikafunika madebe matatu, nikakaza kwa kamba mpaka tone halitoki. Nilijisifu kimoyomoyo.

Mwendo wa saa nzima mbele kulikuwa na kizuizi. Askari akapanda na bunduki. "Ndani ya debe kuna nini?"

Ulimi ukagoma. Nikaonyesha kwa kidole.

"Nimeuliza kuna nini!"

Nikaonyesha tena. Akatumbukiza mkono wote kwenye debe lililo wazi, akitafuta risasi nadhani, na vifaranga wakaingia kwenye shati lake mpaka kwapani. Ile sauti aliyotoa iliwafanya wenzake walale chini na bunduki zao. Mzee Ramadhani akashuka polepole mikono juu. "Afande, hao ni watoto wa samaki. Siasa hawajaanza."

Walipomaliza kucheka na kututukana, tulifungua yale madebe niliyoyafunga. Vifaranga wote walikuwa juu ya maji, matumbo juu. Mzee hakunigombeza. Aliniambia nizibe pua na mdomo kwa viganja, nihesabu mpaka mia. Nilifika hamsini na kitu nikaachia.

"Wao tangu Runyenjes," akasema.

Basi shikeni hili, hata kama siku hizi mna mifuko ya plastiki yenye hewa: samaki anapumua. Debe liwe nusu, liwe wazi, litikiswe njiani, na safari iwe asubuhi. Mkifika msiwamwage. Liacheni debe lielee bwawani mpaka maji ya ndani na ya nje yawe na baridi moja, kisha liinamisheni watoke wenyewe. Nimeona vijana wenye diploma wakimwaga kama wanamwaga maji ya vyombo.

Bwawa lenyewe lilichimbwa na wanawake wa kijiji, maana wanaume wengi hawakuwapo. Kila wiki siku tatu walichimba handaki, siku ya nne walichimba bwawa, kwa majembe yale yale, na homgadi yule yule akiwa nyuma yao na kiboko. Mimi nilizunguka nikipima udongo. Finyanga donge, lirushe juu, lidake: likivunjika, hapo hapashiki maji. Maji yakishakuwa ya kijani, chovya mkono mpaka kwenye kiwiko: ukiona vidole vyako, ongeza samadi. Mambo hayo niliyajua vizuri. Sikuona kwamba wale wanawake walikuwa wanachimba handaki la pili, ila hili lilikuwa la kujazwa maji.

Na haja ya samaki ilikuwa kubwa, hilo sikosei. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wametoweka. Maziwa hakuna, nyama hakuna, watu walikula mahindi ya kuchemsha, kesho mahindi ya kuchemsha. Watoto wakaanza kuvimba miguu. Nywele zikawa nyekundu na laini, ngozi ikachubuka, na kilichonitisha zaidi, wakaacha kulia. Mama mmoja aliyeitwa Nkatha alikuwa na binti wa miaka miwili, Kiende. Ukibonyeza mguu wa Kiende, alama ya kidole ilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Mganga wa zahanati aliyekuja mara moja kwa wiki alimwambia Nkatha ampe mtoto maziwa, mayai au nyama. Nkatha akamuuliza, "Na wewe umekuja navyo?"

Somo la kupika samaki lilikuwa kila Jumatano, uwanjani, mbele ya mnara. Mzee Ramadhani alikaanga, mimi nikasoma kadi niliyopewa, yenye muhuri: samaki ana protini, samaki hujenga mwili, mpe mtoto samaki. Ilikuwa lazima wanawake waje, kwa hiyo walikuja. Walisuka viondo bila kuinua macho, na harufu ya mafuta ilipowafikia wakaziba pua kwa leso.

Siku moja Nkatha akainua mkono. Alikuwa na sauti nzito na mzaha wa haraka. "Bwana Samaki, tuambie, mdomoni yukoje?"

Nikasoma kadi. "Ana protini."

"Protini tumesikia. Wewe umemla?"

"Nimemla."

"Lini?"

"Juzi."

"Haya wenzangu, tumwangalieni mpaka Jumatano tuone kama ataota mkia!"

Wakacheka mpaka homgadi akacheka. Kwenye daftari niliandika: "Leo nimewadanganya wanawake arobaini. Sijawahi kumtia samaki mdomoni. Nikila, nyanya atajua kwa kunitazama tu." Mzee Ramadhani alikuwa anakusanya sufuria. "Mwanangu," akasema, "wewe ni mwadhini asiyeswali."

Kila mwezi nilivuta wavu upande mmoja wa bwawa, nikahesabu walionaswa, nikawapima, nikawarudisha. Mwezi mmoja wavu ulikuja mwepesi. Mara iliyotangulia walikuwa zaidi ya thelathini, sasa kumi na mmoja, na wote wadogo. Nikatafuta nyayo za fisi maji, hakuna. Nikatafuta manyoya na mabaki ya ndege, hakuna. Ningemwambia Mzee Ramadhani kwanza, angenishauri. Lakini kusema kwangu kulikuwa kazi na kuandika kulikuwa rahisi. Nikaandika kwenye ripoti: "Samaki wakubwa wamepungua sana. Sababu haijulikani." Nikajiona mtumishi mwaminifu. Ripoti zilipitia kwa hedimani, mkuu wa kijiji, kupigwa muhuri.

Hedimani aliitwa Kirigia, mtu mnene mwenye koti la jeshi, aliyependa kuuliza maswali akiwa na majibu yake tayari mfukoni. Jumatatu akaja bwawani na ile karatasi.

"Bwana Samaki, watu wa hapa wanakula samaki?"

"Bado, mzee. Wanafundishwa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na samaki wamepungua."

"Ndiyo, mzee."

"Wana miguu?"

"Hapana."

"Kwa hiyo kuna mtu anawachukua. Na kama humu ndani hakuna anayekula, ni nani huko nje mwenye njaa ya kula hata nyoka?" Akaelekeza kidevu msituni. "Alhamisi uniletee jina. Usipoleta, nitajichagulia mwenyewe kati ya hawa wanaoteka maji hapa. Nitaanza na wale ambao waume zao hawaonekani."

Mume wa Nkatha alikuwa hajaonekana kwa mwaka mzima. Kama kuna aliyejua alikokwenda, hakusema.

Jumanne, saa ya kuteka maji, nilimkuta Nkatha akifua nguo pale maji yanapoingilia bwawani. Kiende alikuwa ameketi kwenye nyasi. Nikamtazama miguu, nikatazama tena. Vifundo vilikuwa vimetokea. Mifupa ya mguu ilikuwa inaonekana kama ya mtoto yeyote. Na kwenye shavu lake kulikuwa na kitu kinachong'aa, kidogo kuliko ukucha wake. Kigamba cha ngege.

Nilikibandua nikamwonyesha mama yake. Akaacha kufua.

"Utaandika?" akaniuliza. Hilo ndilo lililotoka kwanza.

Kilichonitoka ni swali la kijinga. "Unampikaje?"

"Nachemsha. Nasaga kwa jiwe na mifupa yake yote, natia kwenye uji. Mtoto hajui. Mama mkwe wangu hajui, akijua atanifukuza, hata kama kibanda ni cha serikali."

"Na wewe?"

"Mimi nilionja nijue kama ni sumu."

"Ikawa?"

"Nimeonja mara nyingi," akasema, na tabasamu likampita usoni, likaondoka.

Alikuwa anazamisha kiondo kikuukuu chenye jiwe na makombo ya mahindi ndani, anafua nguo zake, akimaliza anakivuta pamoja na nguo. Vijana, mtego ule nimeufundisha miaka mingi kwenye mafunzo ya wakulima, na kila mara nilisema nimeutoa kitabuni.

Nikamwambia habari ya hedimani na Alhamisi. Akawa anakamua nguo moja ambayo ilikuwa imeshakauka maji.

"Wakinichukua mimi, hawataniuliza habari ya samaki," akasema. "Wataniuliza mume wangu yuko wapi. Sijui. Watanipiga mpaka nijue. Na huyu atabaki na nani?"

Jumatano, baada ya somo ambalo sikumbuki hata neno, nilimweleza Mzee Ramadhani yote. Alisikiliza akisugua sufuria kwa mchanga.

"Hedimani anataka mlaji," akasema. "Mpe mlaji."

"Wewe, mzee?"

"Mimi nina kibali cha samaki mmoja kila Ijumaa, chenye muhuri wake mwenyewe. Nikisema nimekula zaidi ya hapo hatasadiki. Lakini kuna mtu mmoja humu ndani aliyewatangazia wanawake arobaini kwamba anakula samaki."

Nikamwambia sijui hata anaanziwa wapi. Akanifundisha kwa kipande cha muhogo: "Usimuume kama hindi. Anzia mgongoni, sukuma nyama kwa vidole viwili, itatoka upande mzima. Mifupa ya tumboni iache. Mfupa ukikukaa kooni usikohoe, ukikohoa umekwisha. Meza tonge kubwa bila kutafuna."

"Nijaribu na samaki wa kweli, mzee."

"Waliobaki umewahesabu kwenye karatasi kwa mkono wako."

Alhamisi hedimani aliwakusanya watu uwanjani. Akaniuliza jina. Nilikuwa nimeandika jibu kwenye kiganja changu, lakini jasho lilikuwa limelifuta.

"Ni mimi, mzee. Ninawala mimi."

"Wewe?" Akacheka. "Mjukuu wa mtu wa hapa, unakula hivyo vitu? Wote hao?"

"Nimekuwa nawadokoa."

"Leteni mmoja. Akaangwe. Ale hapa."

Kukaanga samaki mmoja hakuchukui muda, lakini siku ile niliona kama mzee anachemsha maharagwe. Kisha akaniwekea sahani, na ugali kando. Samaki ana jicho. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Nikaanzia mgongoni. Nyama ikatoka upande mzima, kama alivyosema, nikatia mdomoni, nikasubiri kutapika. Sikutapika. Ilikuwa chumvi, laini, tamu hata. Nikachukua nyingine nikijiamini, na hapo ndipo mfupa ukakaa.

Ulikaa kooni kama mwiba wa mgunga. Machozi yakanijaa. Nikafinyanga tonge kama ngumi, nikalisukuma chini bila kutafuna. Halikuutoa. Nikafinyanga la pili.

"Mbona unalia?" hedimani akauliza.

"Pilipili, mzee."

"Hapa sioni pilipili."

"Nimetia, hedimani," Mzee Ramadhani akasema, akamsogezea sahani kwa heshima zote. "Karibu uonje."

Kirigia akarudi nyuma hatua mbili. Watu walicheka kwa chini. Tonge la pili likateremka na mfupa wake, nikamaliza yule samaki mpaka mkia, nikauona uso wa Nkatha kati ya wanawake, umekauka kama gome.

Hedimani alinipiga kofi moja la mwizi wa mali ya serikali na kunitia kwenye kuchimba handaki wiki mbili baada ya saa za kazi. Suala la jina likaisha. Nilidhani nimeliokoa bwawa pia. Kumbe ripoti yangu ilikuwa imeshafika juu, na jibu likaja: chakula chochote kilicho karibu na msitu ni chakula cha msitu. Bwawa lifunguliwe Jumamosi.

Nililifungua mwenyewe, maana ndimi niliyejua mahali pa kizibo. Maji yakaondoka kwa saa mbili. Yakabaki matope, na kwenye matope ngege wakirukaruka, wengi kuliko nilivyoripoti, maana wajanja hukwepa wavu. Hilo pia lijueni: wavu hausemi ukweli wote.

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama ukingoni. Hedimani akasema kwa sauti tamu, "Anayetaka achukue. Bure."

Hakuna aliyesogea. Kila mtu alielewa. Atakayeshuka amejitaja kuwa anajua kula samaki. Nkatha alikuwa na Kiende mgongoni, akiwatazama wale samaki wanavyopanua midomo, na vidole vyake vilikuwa vinakunjuka na kujikunja. Nilijua anachokihesabu. Bila hawa, mtoto angerudi kwenye mahindi peke yake, na ile miguu ingevimba tena.

Nilishuka. Nilijaza debe. Nikapanda nalo mpaka mbele yake, na nikapiga kelele ambayo sikuwahi kupiga maishani. "Wewe! Mama Kiende! Chukua hawa! Umpikie mtoto leo, na kesho, na keshokutwa! Ni amri!"

Hedimani akageuka. "Amri ya nani?"

Nikatoa kadi ya somo mfukoni. "Imeandikwa, mzee. Mpe mtoto samaki. Muhuri huu hapa."

Kirigia aliogopa muhuri kuliko alivyoogopa samaki. Akaitazama ile kadi, akaguna. Nkatha alipokea debe akilalamika kwa sauti kubwa kwamba serikali inamlisha nyoka. Mwongo mzuri kama yule sijapata kumwona tena.

Kisha mwanamke wa pembeni yake, mwenye mtoto aliyevimba uso, akaniambia bila kufungua midomo sana, "Bwana Samaki, niamrishe na mimi."

Nikamwamrisha. Mwingine akasogea. "Mimi nina wawili. Niamrishe kwa ukali." Nikazunguka ukingo mzima nikifoka na kumwaga samaki kwenye viondo, sauti ikakauka, na wanawake wakapokea wakinung'unika, wengine wakitema mate kwa kuigiza. Mzee Ramadhani akawapitia nyuma akiwanong'oneza namna ya kumpasua samaki na kumning'iniza juu ya moshi wa jiko adumu. Bwawa lilibaki tope tupu. Kiende alisimama kwa miguu yake kabla ya mvua.

Ningeishia hapo mngenisifu. Lakini hedimani aliipenda ile amri. Aliona ni njia nyingine ya kuhesabu utiifu. Aliagiza samaki wakavu waletwe kwa lori, na kila Jumatano mahomgadi wakapita vibandani wakifunua vyungu, na chungu kisicho na samaki kilikuwa kosa. Wanawake waliokuwa wameanza kuzoea kwa siri walichapwa kwa kutopika hadharani. Nilikuwa nimewapa neno la kuwakinga, likawa kiboko.

Kafyu ilipoondolewa na watu wakarudi mashambani mwao, kitu cha kwanza walichoacha ni samaki. Nilizunguka mkoa mzima baadaye na sare yangu, na nilikokwenda nilikuta hali ni ile ile. Kule Kiirua mzee mmoja alinionyesha bwawa lililojaa nduma, yaani magimbi. "Hii ni kazi ya Imanjensi," akasema, akimaanisha Hali ya Hatari, "sisi tulishamaliza." Embu mama mmoja alinifungia lango aliposikia neno samaki. Serikali mpya ilipotaka mabwawa, ilituma barua kwa machifu, na machifu wakawaamuru watu wachimbe. Watu wakachimba. Mgeni mkubwa akaja, akapigwa picha, akaondoka, na maji yakaachiwa wiki ile ile. Mito ipo, udongo upo, vifaranga walikuwa wa bure. Nyinyi mnaniuliza kwa nini.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kumtembelea Nkatha, shambani kwake chini ya Nkubu. Alikuwa nyanya sasa, kahawa yake safi, na chini ya shamba kijito kizuri kuliko vyote nilivyovisimamia. Nilikuwa na fomu. Nikamwambia ana maji, ana udongo, mimi nitaleta vifaranga mwenyewe.

"Ni amri?" akauliza.

"Sio amri, Mama Kiende. Ni ushauri tu."

"Basi sitaki." Akanimiminia chai. "Usikasirike, Bwana Samaki. Mtoto wangu anaishi kwa sababu yako, sijasahau. Lakini wale niliowaiba walikuwa watamu. Tangu ile siku uliyonipigia kelele sijasikia ladha yao tena."

Nilitazama fomu yangu. Nikaikunja. Miaka thelathini na kitu nilikuwa nimewafikia watu wa nchi hii na karatasi iliyokwisha kujazwa tangu ofisini. Nikamuuliza, kwa shida, maana haya haizeeki, "Sasa wewe mwenyewe, pale chini ungependa kuweka nini?"

Aliitazama sare yangu, kisha kijito. Nadhani hakuwa amezoea kuulizwa na mtu mwenye sare.

"Nduma," akasema.

Nikavua viatu, nikakunja suruali, tukashuka mtoni, nikamsaidia kuchimba mfereji wa nduma mpaka jua likawa kichwani.